La Mwisho Halikuandikwa

Walisema sitaweza kuwaongoza watu walionishika jandoni. Yalisemwa kibandani, kwenye kahawa, kwa sauti ya kunifikishia, wiki ileile niliporudi Mtwara nikivuta begi langu la magurudumu.

"Amri utampa nani?" aliniuliza mmoja niliyesoma naye darasa la nne. "Mzee wa lango kule kwenye chumvi alikuziba macho kwa kiganja chake, ukalia mpaka sauti ikakauka. Leo umwambie asaini kitabu cha mahudhurio?"

"Na bibi wa reki je?" akadakia mwingine. "Yule kakuogesha kwenye beseni. Ukimkaripia atakuvua suruali atazame kama umekua."

Walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Kisha yule wa kwanza akamalizia kwamba diploma haikolezi mchuzi.

Sikukasirika. Mtu aliyepita nilikopita mimi hakasirishwi na watu wa kibandani. Niliondoka kijijini kwetu baada ya kidato cha nne, nikaacha mihogo na mikorosho ya mama, nikaenda Dar es Salaam bila anwani ya mtu. Nimebeba magunia ya vitunguu sokoni. Nimelinda stoo ya shule moja kwa miaka, na humo ndani ya stoo, nikiwa nimekalia katoni za chaki, ndimo nilimojisomea mpaka nikaingia chuo cha jioni. Kwetu mjomba ndiye wa kumsomesha mtoto wa dada yake. Mimi hakuna mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Nilipata diploma ya utunzaji wa nyaraka na kumbukumbu, tena kwa alama ambazo mkuu wa idara alizisoma mara mbili mbele ya darasa. Kijijini kwetu sikuwa na wa kufanana naye, na nikilisema hilo silisemi kwa kujipa cheo. Ndivyo ilivyokuwa.

Kazi iliyonirudisha ilikuwa ya karani wa kumbukumbu kwenye majaruba ya chumvi, kusini mwa mji, njia ya kwendea mlango wa Ruvuma, pale mkono wa bahari unapoingia katikati ya mikoko. Nilipanga chumba Shangani na kununua pikipiki. Asubuhi nilikuwa nawapita wenzangu wa zamani wakisukuma baiskeli, napiga honi, nakwenda zangu.

Kwa asiyejua, kazi ya chumvi ni hii. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, maji huingizwa kwa lango mpaka kwenye bwawa kubwa. Kutoka hapo husogezwa jaruba hadi jaruba, jua likiyala kidogo kidogo, na yanapofika majaruba ya mwisho yamekuwa mazito, yana wekundu wa mbali, na chumvi inaanza kushika chini. Hapo wanawake huingia na reki kuikwangua. Ukiieleza hivyo, unadhani hata mtoto anaweza. Nami nilidhani hivyo.

Palikuwa na watu watatu walioishika kazi ile mikononi. Wa kwanza ni mzee wa lango, mtu mwembamba, mchache wa maneno, aliyekuwa akihesabu bamvua kwa Kimakonde chini kwa chini huku akitazama mizizi ya mikoko. Lango lenyewe lilikuwa mbao nene zilizopangwa moja juu ya nyingine kati ya nguzo mbili za zege, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzigusa. Wa pili ni fundi wa matuta, aliyetunza kingo za udongo zinazozuia maji yasitoroke. Wa tatu ni bibi wa reki, kiongozi wa wanawake wa kukwangua chumvi. Aliniita mume wangu kama bibi yeyote wa pwani ile anavyomwita mjukuu, na sauti yake ilikuwa inafika ng'ambo ya majaruba bila yeye kusimama.

Hawa watatu walikula pamoja na kuzikana. Kazini palikuwa na kundi la kwenye simu ambamo walitumiana salamu za Ijumaa, taarifa za misiba na picha za maharusi. Lakini jambo la kazi halikuvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Msimu wangu wa kwanza bibi wa reki aliugua homa wiki nzima, na chumvi ikalala majini ikitutazama. Nikamuuliza fundi wa matuta kama si wakati wa kukwangua.

"Mimi ni wa matuta," akasema.

"Lakini umekaa hapa miaka mingapi? Huoni kwa macho?"

"Naona. Hata jikoni kwako nikija nitaona sufuria. Nitaepua?"

Meneja, mtu wa bara aliyeletwa na mwenye mali, alikuwa akilala na dawa za kichwa kwa ajili ya mambo haya. Siku moja aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Kijana, yule mzee wa lango akianguka leo, kesho tunafanya nini?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Mwenye mali amenipigia. Anasema msimu mmoja mbovu tu, mmoja, anafunga. Watu wote hawa wanarudi kwenye mihogo. Mimi narudi kwetu. Na wewe na diploma yako mtajua pa kwenda."

Hapo ndipo nilipoitoa fikra yangu, na sitamwachia mtu mwingine sifa yake. Nilimwambia kwamba chuoni tulifundishwa jinsi kampuni inavyokufa kwa sababu maarifa yake yanatembea kwa miguu na kurudi nyumbani kila jioni. Nilimwambia tuyakalishe maarifa chini, tuyaandike. Daftari moja, kila kazi na hatua zake, mtu yeyote akifungua aweze kufanya. Meneja alinitazama kama mtu aliyepewa maji. Mwezi ule ule nikawa msimamizi. Wa kibandani wakaona kama naweza au siwezi.

Nikaitisha semina. Nasema semina kwa sababu ilikuwa semina kweli: bandani palifagiliwa, viti vya plastiki vikaazimwa, palikuwa na soda na sambusa, na kila mtu alisainia posho. Nilisimama mbele, shati limepigwa pasi, nikaeleza nia. Nikawaambia kwa mdomo wangu kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya daftari. Niliamini. Nataka hilo lieleweke, kwamba niliamini.

Bibi wa reki alinyoosha mkono wenye chupa ya soda.

"Mume wangu, swali."

"Uliza, bibi."

"Unataka kuingia chumbani. Mahari umemkabidhi nani?"

Banda zima likaangua kicheko. Wanawake wakapigana viganja. Mimi nami nikacheka, lakini nilijua anakusudia nini, na kila mtu pale alijua. Kwetu mtu anayefundishwa ufundi, awe wa kuchonga, wa kushona, wa dawa au wa ngoma, humtolea mwalimu wake kilemba: kitambaa, au kanzu, au doti ya kanga kama fundi ni mwanamke, na chochote cha kuweka juu yake. Si bei. Ni namna ya kusema, wewe ndiye uliyenipa.

Mzee wa lango hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akasema polepole, "Mjukuu wangu, wenzio wanatania, mimi nauliza. Kilemba kiko wapi?"

Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi kuliko siku yangu ya mahafali. Kitambaa kingepatikana mjini kwa nusu ya posho ya siku hiyo. Meneja alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilitaka aone kwamba siogopi wazee, kwamba mimi ni mtu wa utaratibu.

"Babu," nikasema, "hapa si kwenye ngoma. Hapa ni kazini. Kampuni inawalipa mshahara. Ujuzi mlioupata kazini ni mali ya kampuni. Mimi sijifunzi kwenu, naandika tu."

Mtu mmoja aliweka chupa chini na nikaisikia ikigusa sakafu.

"Haya," akasema mzee. "Uliza."

Nikauliza. Niliuliza wiki sita. Nilimfuata fundi wa matuta kwenye tope mpaka viatu vyangu vikaachwa humo. Nilikaa na bibi wa reki juani nikiandika kila tendo, hata jinsi anavyokamata mpini. Nilisimama langoni na mzee bamvua mbili nzima. Kila nilichouliza walinijibu. Hakuna aliyenifokea wala kunikimbia, na niliona hiyo ni heshima kwa nafasi yangu. Nilichapa, nikapanga kwa sura, nikaweka michoro niliyoichora mwenyewe kwa rula, nikatoa nakala na kuzipitisha kwenye plastiki mjini ili chumvi isizile. Kurasa nikazipiga picha, nikazirusha kwenye kundi la simu. Mwenye mali alituma ujumbe kutoka Dar es Salaam kwamba hajaona kitu kama kile katika kampuni zake zote. Ujumbe huo niliuhifadhi. Bado ninao.

Msimu ulipoisha na mvua kuanza, mikataba ilipaswa kusainiwa upya kama kila mwaka. Meneja akaniita tena na kufunga mlango. Mbele yake palikuwa na orodha na juu ya orodha palikuwa na daftari langu.

"Hawa watatu ni ghali," akasema. "Na wazee. Mwenye mali anasema sasa tunalo hili."

"Niliwaahidi," nikasema.

"Uliahidi kwa barua?"

Nilipinga. Lakini nilipinga kwa sauti ya mtu anayetaka kubaki. Nilisema labda tungengoja msimu mmoja, nikasema labda tuwape mkataba wa nusu, na aliposema hapana nikauliza vijana wa kuchukua nafasi zao tutawatoa wapi, kama vile hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Nilitoka nikajiambia kwamba nimejitahidi.

Bibi wa reki aliondoka akinitukana matusi mazuri ya bibi kwa mjukuu, na hayo yaliniuma kidogo. Fundi wa matuta aliondoka bila kuaga. Mzee wa lango alikuja ofisini, akavua kofia, akaweka mezani kamba aliyokuwa akivutia mbao.

"Kamba ni ya kampuni," akasema. "Mbao unazijua. Na daftari unalo."

"Babu, si mimi niliyeamua."

"Najua, mjukuu wangu. Wewe umeandika tu."

Sikumsindikiza hata mpaka barabarani.

Mvua za mwaka ule zilichelewa kuondoka. Zilipokata, tukaanza. Niliwapanga vijana kwenye nafasi zao, kila mmoja na ukurasa wake wa plastiki shingoni, na nakwambia ulikuwa mpango wa kupendeza kuutazama. Bamvua ya kwanza nilisimama langoni mwenyewe. Tukafuata ukurasa: maji yakifika alama ya juu kwenye nguzo, ondoa mbao, acha yaingie, rudisha kabla hayajageuka. Maji yakaingia kwa kishindo, bwawa likajaa mpaka ukingoni. Vijana wakapiga makofi.

Wiki moja baadaye nikayaonja. Yalikuwa mepesi. Chumvi yake ilikuwa ya machozi tu. Nikangoja wiki ya pili na ya tatu, jua linawaka, na maji hayakukolea. Nilidhani ni mto. Ruvuma ulikuwa bado umejaa, unasukuma maji yake ya udongo, yasiyo na chumvi, baharini mpaka kwenye mkono wetu. Lakini mito hujaa kila mwaka, na mzee yule kila mwaka alitoa maji makali kwenye lango lilelile. Nikafungua daftari. Nilichoandika ndicho nilichofanya. Bamvua iliyofuata nikabadilisha, nikavuta mbao za chini badala ya za juu. Nyingine nikafungua maji yakiwa nusu. Nyingine nikafungua yalipoanza kurudi, na bwawa likabaki robo. Hakuna niliyoipatia, au kama nilipatia sikujua, kwa sababu yote yalikwisha kuchanganyika.

Maji machache yaliyokolea tukayasogeza. Hapo matuta yakaanza kuvuja. Kaa hutoboa matuta, hilo tulijua, na daftari lilisema ziba shimo kwa udongo wa mfinyanzi na kanyaga. Tukaziba na kukanyaga. Asubuhi palikuwa na mashimo mengine mawili pembeni ya lile moja. Tukaziba. Jumamosi moja tuta la jaruba la tano likakatika lote na maji ya siku arobaini yakarudi kwenye mikoko mbele ya macho yetu. Kijana niliyemweka kwenye matuta alikaa chini kwenye tope, ukurasa wa plastiki shingoni, akaniuliza, "Bosi, hapa daftari linasemaje?"

Na ile chumvi kidogo iliyoshika, wasichana wakaikwangua kama ilivyoandikwa, ikatoka ya kijivu, imejaa tope. Mnunuzi wa kwanza aliichukua kiganjani, akaipuliza, akaimwaga chini. Akasema hata samaki wa kukausha angeona haya kupakwa ile.

Mwenye mali hakuja. Alipiga simu. Meneja aliuza kabati lake la nguo na kitanda kwa mpangaji mwenzake, akapanda basi la alfajiri. Wafanyakazi walikuja siku tatu zaidi baada ya kuambiwa wasije, wakakaa bandani kwenye kivuli, kisha wakaacha. Mimi ndiye niliyefunga geti. Wengine walinipita pale getini bila kunitazama, na walikuwa watu wa kijiji kimoja nami, watu ambao nimekula kwao.

Nilichukua daftari nyumbani. Nililisoma kama mtu anayesoma barua ya kuachwa, mstari kwa mstari, nikitafuta kosa langu. Sikuliona. Kila neno lilikuwa walilolisema.

Mwisho nilimfuata bibi wa reki. Alikuwa amehamia kwa binti yake Mikindani, anauza mihogo ya kukaanga mbele ya nyumba ya mawe isiyo na paa. Nilimkuta anageuza vipande kwenye mafuta. Hakuinua uso.

"Diploma," akasema. Hakuniita mume wake.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Chumvi ilitoka na tope."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Nilijua siku ile ile unaandika."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamuuliza, tena nikamuuliza kwa uchungu, kwa nini alinidanganya. Hapo akaniangalia.

"Neno gani nililokwambia la uongo? Litaje."

Akaopoa kipande cha muhogo, akakiweka kwenye karatasi.

"Umeniuliza, nimekujibu. Fundi akiulizwa hujibu. Akivikwa kilemba hufunza. Na la mwisho halitoki kabla ya kilemba. Wewe mtoto wa wapi hujui hili? Jandoni walikufundisha nini, kulia tu?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniua. Si mgeni mimi. Meneja wa bara asingejua, mwenye mali asingejua, lakini mimi nimeona tangu utotoni jinsi mchongaji anavyomnyima mwanafunzi wake siri ya jicho la kinyago mpaka kitambaa kifike. Nilijua na nikajiona nimekua kuliko hayo. Wote watatu, bila kukubaliana, kila mmoja peke yake, walikuwa wamenipa kazi yao yote isipokuwa la mwisho, nami nikapitisha plastiki juu ya mapengo.

Nikauza pikipiki. Haikuwa na bei ya kuchekesha, ilikuwa pikipiki nzuri, lakini niliiuza wiki hiyo. Nilinunua doti mbili za kanga, za rangi alizozipenda, nikamtafutia na doti ya tatu iliyokuwa na maneno ya kumpendeza, nikaweka bahasha juu, nikampelekea Mikindani mbele ya binti yake na majirani. Alizipokea kwa mikono miwili. Akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye unga.

"Ganda la kwanza haliondolewi," akasema. "Chumvi ya kwanza kushika chini unaiacha. Inakuwa mkeka. Unakwangua juu ya mkeka, tope halikuoni. Basi. Ndilo hilo tu, mume wangu."

Ndilo hilo tu. Niliandika nikiwa nimesimama, bila faida yoyote, kwa sababu majaruba yalikuwa yameota magugu ya chumvi na geti lina kutu.

Fundi wa matuta nilimpelekea kanzu na jogoo shambani kwake. Hakunikaribisha kiti mpaka alipoivaa kanzu juu ya nguo za kazi na kujitazama mikono. Kisha akaniambia kwamba shimo la kaa halizibwi mdomoni. Unachimba ulifuate mpaka mwisho, umtoe kaa mwenyewe, ndipo uzibe kutokea ndani kuja nje. Ukimzibia mlango tu, anafungua mwingine. Aliniambia hivyo akicheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyengoja muda mrefu kuutoa mzaha wake.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungenivika," akasema.

Baada yao nilikwenda kwa wengine, kwa sababu nilipoanza kuhesabu niligundua kwamba nilikuwa na wadai niliokuwa sijawafikiria. Mama mmoja aliyenionyesha jinsi ya kusoma wingu la mchana kabla ya kufunika chumvi. Mpakiaji aliyenifundisha kufunga mdomo wa gunia usifumuke. Hawa walinipa hata la mwisho, bure, kwa sababu niliwauliza nikiwa mgeni, kabla sijawa msimamizi. Kwa huyu kitenge, kwa yule shati. Mpakiaji alidhani nimeokoka.

Wa mwisho alikuwa mzee wa lango. Nilimwacha mwisho kwa sababu nilimwogopa, na kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kubwa kuliko yote. Bila maji makali, mkeka wa bibi na kaa wa fundi ni hadithi tu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Ningelijua la lango, ningempigia mwenye mali, ningemwambia sasa tunayo kazi nzima, tufungue. Nilikuwa nimeandika hata maneno ya kuanzia.

Nilimnunulia kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa kwa mkono na kitambaa cha kilemba chenyewe, kirefu, cha bei. Nikafika kwake baada ya adhuhuri. Mkewe alinipokea uani, akavitazama vitu nilivyobeba, akaviona ni nini, akaufunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Hukupata habari," akasema.

"Habari gani, bibi?"

"Kiharusi kilimshika tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Upande mmoja wote. Na ulimi."

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba chumbani, shavu moja limeshuka. Macho yalikuwa yake. Alinijua. Nilipiga goti nikamwamkia, na kitu kilitoka kooni mwake ambacho nilikipokea kama marahaba.

Tulimvika. Mkewe alimwinua kichwa, nikamvisha kofia, nikazungusha kitambaa juu yake vibaya, kwa sababu sikuwahi kumfunga mtu kilemba, na mkewe akakitengeneza. Kanzu tuliitandaza juu ya kifua. Nikasema maneno yanayosemwa. Nikasema, babu, wewe ndiye uliyenipa, na mimi nimechelewa. Jicho lake moja lilitoa machozi, lile la upande usiopooza, yakaingia sikioni.

Kisha akauinua mkono uliobaki. Akaunyanyua kiganja juu, akakishusha, akakipeleka pembeni kama anasukuma kitu. Nilitoa kalamu.

"Babu, mbao? Ya chini? Tunaanza na ya chini?"

Akarudia. Juu, chini, pembeni.

"Halafu pembeni, nini? Tunayaacha ya kwanza yapite? Upande wa mikoko? Babu, nitazame, ukikubali fumba jicho."

Alikuwa akihema. Akarudia mara ya tatu, kwa nguvu, na sauti ikatoka kooni isiyokuwa neno.

"Anataka ageuzwe," akasema mkewe. "Ubavu unamuuma. Shika hapo chini ya bega."

Nikashika. Tukamgeuza akatazama ukutani. Akapumua vizuri zaidi. Mkono ukatulia juu ya paja, na nilikaa pale mpaka kivuli cha mlango kikavuka chumba, lakini haukuinuka tena.

Mkewe alinipa uji, nikanywa. Alinishukuru kwa kilemba. Akasema majirani watakiona Ijumaa na wataheshimu nyumba. Nilirudi mjini kwa bodaboda ya kukodi, kalamu bado iko mkononi, ukurasa mtupu.

Siku hiyo nilikuwa nimemlipa kila mtu aliyenidai. Walisema sitaweza mambo mengi, na mengi niliyaweza. Hakuna fundi kutoka Mikindani mpaka mlango wa Ruvuma anayeweza kusimama leo na kusema nilichukua chake bila kumvika. Na lango lile mpaka sasa sijui linafunguliwaje.